Kioo Tumboni mwa Herufi

Jumapili, 3 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu jambo hili siwezi kulisema kwenye simu. Kwenye simu Babu huwa amekaa pembeni yako, na wewe hujui kunong'ona.

Unajua kwamba tangu nianze kazi hapa makumbusho wamenipanga chumba cha sarafu. Mkuu wangu ni mama mmoja mkali, tunamwita Mama Lenzi kwa sababu lenzi yake haitoki shingoni hata akiwa anakula. Mwezi wa tano tunafungua maonyesho ya kile kiwanda cha sarafu alichofanyia kazi Babu. Na hapo ndipo penye shida yangu.

Mwaka ule kiwanda kilipofunguliwa zilipigwa sarafu zenye picha ya njiwa, za aina mbili. Nyingi zilikuwa za kawaida, za kwenda sokoni. Chache zilikuwa za heshima, za kuwapa wageni wakubwa. Picha ni ile ile, mwaka ni ule ule, uzito ni ule ule. Tofauti iko kwenye kuzaliwa kwake. Za heshima, kipande cha chuma kilisuguliwa kabla ya kupigwa, muhuri wenyewe unaochapa picha ukasuguliwa mpaka ukawa kioo, kisha mashine ikapiga mara mbili, polepole, sarafu moja baada ya nyingine. Za kawaida zilipigwa mara moja, mbiombio, zikadondokea kwenye ndoo.

Bango letu limeshaandikwa: "Hakuna hata moja ya sarafu za heshima inayojulikana ilipo." Nililisoma, nikasikia mdomo wangu unasema, "Babu yangu anayo." Mama Lenzi hakuinua hata kichwa. "Kila mtu ana babu," akasema.

Bibi, nimekua nikisikia watu wa kwa kinyozi wakimwita Babu Mzee Kioo, wakimwambia aitoe sarafu yake wajitazame meno. Anasema mkuu wa kiwanda alimpa sarafu ile kwa mkono wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika mashine siku ile. Wanacheka kwa sababu imechakaa kama kifungo cha shati. Lakini kuchakaa si hoja. Sarafu ya heshima haimaanishi sarafu safi. Mtu akizeeka hageuki kuwa mtoto wa watu wengine.

Naomba uitoe mfukoni mwake, uniletee kwa posta, na pale mfukoni uweke nyingine ya njiwa ya mwaka ule ule. Sitaki ajue. Nikishindwa, asijue kamwe kwamba hata mimi nilitaka ushahidi.

Mjukuu wako

*

Jumatatu, 11 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunga mlango. Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ili uje unifundishe kumwibia mume wetu. Haya.

Kazi unayonipa si ndogo. Hiyo sarafu hajawahi kuniachia mkononi. Atafungua kiganja, nitachungulia, atafunga. Nikisema niioshe ananitazama kana kwamba nimesema nimuoshe yeye mbele za watu. Asubuhi akivaa shati kitu cha kwanza ni kuipapasa kwa kidole gumba. Mimi hajanipapasa hivyo tangu mama yako mkubwa azaliwe.

Jirani yetu mwenye duka ana kopo la sarafu za zamani alizorithi pamoja na rafu zake. Nimechambua, nimepata za njiwa nne. Ameniuliza za nini, nimemwambia za mjukuu wangu, anafanya kazi ya serikali. Amenipa bure na chumvi juu.

Kama na mimi naamini maneno ya babu yako? Usiniulize hilo. Nimemtetea kwa miaka mingi sana, nikasahau kujiuliza.

Wiki ijayo nitakutumia. Usiwe na wasiwasi, nitaiandaa vizuri. Haiwezi kwenda mbele ya wasomi ikiwa na uchafu wa mfukoni, watasema umetoka kwenye nyumba ya watu wasiojua sabuni.

Bibi yako

*

Jumatano, 20 Februari

Bibi,

Barua yako imefika leo. NAKUOMBA USIISAFISHE. Usiioshe, usiipanguse hata kwa upindo wa kanga. Kitambaa kinakwaruza. Huku kazini sarafu iliyosuguliwa nyumbani tunaiita maiti iliyopakwa poda. Kosa ni langu, nilipaswa kukuambia tangu mwanzo, lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa maneno ya kumjibu Mama Lenzi.

Ifunge kwenye karatasi laini vile vile ilivyo. Tafadhali.

Mjukuu wako

*

Jumatano, 20 Februari

Mke mwenzangu,

Imekamilika! Mpelekaji atakukabidhi kifurushi hiki mkononi, nimemwambia asikiweke chini.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Leo asubuhi babu yako amekwenda kuoga. Nikachomoa sarafu kwenye shati, nikaiweka mezani pamoja na zile nne za dukani, ili nichague ya kumwachia. Mara nasikia maji yameacha kumwagika. Babu yako siku hizi anaoga kama paka. Nikashtuka, nikazivuruga zote kwa kiganja, nikabaki natazama njiwa watano wamelala. Lakini sikupoteza akili. Nikachukua ile chafu kuliko zote, nyeusi, haina hata sura, nikairudisha mfukoni. Ya dukani si ndiyo itakuwa mbaya? Ya heshima itakuwa mojawapo ya hizi nzuri.

Halafu hizo nne nikazipeleka uani. Limau, majivu, na mwisho dawa ya meno kidogo. Mwanangu, zimewaka! Nimejiona pua. Ningekuletea moja, lakini sasa zimefanana kama pacha, kwa hiyo nakutumia zote nne. Wewe msomi utaijua ya kwetu.

Babu yako amevaa shati, amepapasa mfukoni, amekunywa chai yake. Hajagundua chochote. Nimeona huruma, nikamwongezea sukari.

Bibi yako

*

Jumanne, 5 Machi

Bibi yangu, shikamoo.

Barua zetu zilipishana njiani. Ulichokifanya umekifanya kwa upendo na sitaki ujilaumu hata kidogo, kwa sababu limau halikuharibu kitu. Hapakuwa na kitu cha kuharibu.

Nilipofungua kifurushi nikaona mng'ao ule, nilikaa chini. Baadaye nikajikaza. Nilijiambia kwamba usafi na uchafu viko juu ya ngozi, na mimi natafuta mfupa. Nikaweka ya kwanza chini ya darubini. Ukingo wake ni wa mviringo, umelegea, kama bega la mtu aliyechoka. Kuta za herufi zimelala. Kwenye neno MOJA nikaangalia ndani ya ile O na ndani ya pembetatu ndogo ya A, mahali ambapo kitambaa chako hakikuweza kufika. Hapo tunapaita tumboni mwa herufi. Sarafu iliyozaliwa kioo huwa na kioo mle ndani hata ikichakaa kote. Mle ndani mlikuwa mmefifia, mna chembechembe kama uji uliopoa.

Ya pili vile vile. Ya tatu nilishikilia pumzi. Ya nne niliiangalia mpaka macho yakatoa machozi, sijui ni ya uchovu au ni ya kweli.

Zote nne ni za kawaida, Bibi.

Nilimpelekea Mama Lenzi mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu. Akaziangalia zote bila haraka, akasema, "Umesoma sawasawa." Hakunicheka. Hilo liliniuma kuliko kama angenicheka. Ndani ya mwezi huu bango linakwenda kwa mchapaji kama lilivyo.

Kwa hiyo Babu alipewa sarafu ya kawaida na mkuu wake akaambiwa ni ya heshima, au yeye mwenyewe alitamani sana mpaka ikawa. Nimewaza hayo yote na nimejichukia kwa kila wazo. Nitakurudishia sarafu zote, na kwa kuwa sijui ipi ni ya kwake, mrudishie yoyote. Usimwambie. Mimi nikija likizo nitamwomba anionyeshe, nitajitazama meno, na nitasema naona vizuri kabisa.

Mjukuu wako

*

Alhamisi, 14 Machi

Kwa Mheshimiwa Jaji wa Sarafu,

Ni mimi babu yako, ninaandika kwa mkono wangu, ule ule ulioshika mashine.

Nimemkuta bibi yako jikoni analia. Nimemuuliza kulikoni, akasema moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa. Nikaona barua inachungulia chini ya kitenge, nikaichukua. Kwanza, shikamoo yako nimeiona, lakini ilikuwa ya bibi yako peke yake, na hilo tutalizungumza. Pili, mimi nina umri huu na sijawahi kuibiwa na wanawake wawili wasomi kwa mpigo.

Sasa kaa kitako.

Siku ile nilijua mfuko wangu umetembelewa. Mimi naiweka sarafu mfuko wa kushoto, nikaikuta kulia. Nikaipapasa. Ilikuwa yangu. Nikadhani bibi yako alikuwa anatafuta chenji ya kununulia kiberiti, akaona haya kuniomba, nikanyamaza. Tena chai ya siku hiyo ilikuwa tamu mno, nikasema kumbe mwanamke huyu bado ananipenda, ya nini kuuliza maswali.

Ilikuwa yangu, unanisikia? Ukingo wake una kona. Gumba langu linakwama pale kila asubuhi. Hizo nyingine zina mabega, umesema mwenyewe. Bibi yako alichagua ile chafu akidhani ni ya dukani. Ile chafu ndiyo yenyewe! Ni chafu kwa sababu ni yangu. Wewe umepimishwa sarafu za kopo la muuza chumvi, zimepakwa dawa ya meno.

Nimesoma tena ulivyoandika. Umeletewa sarafu nne za dukani zinawaka kama mchana, zina limau, zina majivu, na bibi yako amekuapia kwamba ya heshima imo humo. Wewe ukatamani iwemo, ukalia. Na bado umesema nne hizi ni za kawaida. Nne kwa nne. Hukukubali kudanganyika hata kwa ajili ya babu yako. Mimi nimelisoma hilo kwa sauti, mbele ya bibi yako, na nikampigia makofi mtu ambaye hayupo.

Sikutumi kitu kwa posta. Naja mwenyewe na basi la Jumatano, mwisho wa wiki nipo kwako. Nina koti. Mwambie huyo Mama Lenzi apanguse miwani yake.

Babu yako
(wanaweza kuniita Mzee Kioo, sasa naona raha)

*

Jumapili, 24 Machi

Bibi yangu, shikamoo. Na Babu amesema niandike "na yeye pia", kwa hiyo shikamooni wote, ingawa yeye amekaa hapa mbele yangu anakula mkate wangu wa mwisho.

Kaa mahali pazuri, maana nataka nikusimulie bila kuruka.

Ijumaa asubuhi Babu aliingia chumba cha sarafu na koti lake la harusi. Mama Lenzi akanyoosha kiganja. Babu akasema, "Mwanangu, mgeni hupewa kiti kwanza." Kiti kikaletwa. Akakaa, akavuta pumzi, ndipo akaitoa na kuiweka juu ya kitambaa cheusi. Bibi, ni mbaya kweli. Njiwa hana jicho. Nilielewa kwa nini uliiacha.

Nilipanga zile nne zako pembeni yake. Zikawaka. Mama Lenzi akachungulia ya Babu, akasema, "Hii imechakaa vibaya." Nikasema, "Mama, naomba nizungumze mimi."

Akaegemea nyuma. "Sema."

Nikaanza tumboni mwa herufi. Nikasogeza ncha ya sindano juu ya ile pembetatu ya A, bila kugusa. Kwenye zile nne hakuna kitu. Kwenye ya Babu, mle ndani kabisa ambamo kidole hakijawahi kuingia, wala uzi wa mfuko, wala sabuni, ncha ya pili ikatoka kuja kukutana na ya kwanza. Kioo, Bibi! Kidogo kama jicho la sisimizi, lakini kioo. Nikaonyesha kuta za herufi zilivyosimama wima. Nikaonyesha ukingo una kona.

Mama Lenzi akasema, "Ni nzuri. Lakini haijatosha." Akagusa mahali chini ya bawa la njiwa. "Na huu mkwaruzo?"

Hapo ndipo nilipofurahi mpaka nikaogopa furaha yangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikuwa nimelala, na bado akili ilikuwa nyeupe. Nikahamisha taa kutoka kushoto kwenda kulia. "Angalia kivuli," nikasema. "Mkwaruzo huzama. Huu umesimama." Ulikuwa uzi mwembamba wa chuma umeinuka juu ya uwanda wa sarafu. Kitu kilichoinuka hakikwaruzwi na mfuko wa mtu. Kimetoka kwenye muhuri. Ni muhuri uliokwaruzwa ukabaki na mfuo, pengine wakati wa kusuguliwa, na kila sarafu iliyopigwa nao ikazaliwa na mstari huo.

Mama Lenzi alisimama, akaenda stoo. Sisi tukabaki tunatazamana. Babu akaninong'oneza, kwa ule mnong'ono wenu unaosikika barabarani, "Amekasirika?" Nikasema, "Hapana. Ameshikwa."

Akarudi na mihuri miwili ya njiwa, ile iliyookolewa kiwanda kilipofungwa. Mmoja wa kawaida, mmoja umechongwa ubavuni neno HESHIMA. Akafuta grisi. Kwenye muhuri picha huwa kinyume, kwa hiyo nilitafuta upande wa pili wa njiwa. Chini ya bawa palikuwa na mfuo. Urefu ule ule, na mwisho wake umepinda kidogo vile vile. Kwenye muhuri wa kawaida hapana kitu.

Mama Lenzi aliangalia, akaangalia tena, akanipa lenzi, akainyakua kabla sijamaliza. Halafu akachukua simu, akampigia mchapaji. "Simamisha bango! ... Hapana, sizungumzii bei. Zima mashine! Ipo! Nimesema IPO, nimeishika!" Alikuwa anapiga kelele kama mtu wa mpira. Alipokata simu akamgeukia Babu, akapiga goti moja kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee." Hakuwa ameisema Babu alipoingia.

Babu akasema marahaba. Kisha akatoa leso, akajidai anapenga kamasi.

Mjukuu wako

*

Jumanne, 2 Aprili

Mke mwenzangu,

Nimelia, nimecheka, nimeunguza sufuria. Hiyo ya kuunguza mwambie babu yako ni kwa sababu yake.

Sikuweza kumngoja. Nimevaa gauni langu la bluu, nimekwenda mwenyewe kibandani kwa kinyozi, mimi ambaye sina hata nywele za kuhesabika. Wakanyamaza wote. Nikawaambia, "Kaeni hivyo hivyo." Nikasimama katikati, nikawasomea barua yako tangu shikamoo mpaka kamasi. Nilipofika pale kwenye sindano nikarudia. Kinyozi alikuwa amemnyoa mtu nusu, akamsahau.

Yule mmoja mwenye mdomo, unamjua, akasema, "Basi Mzee Kioo akirudi atuletee, tujitazame." Nikamwambia, "Iko nyuma ya vioo vya serikali. Kanunue tiketi."

Nimetoka bila kuaga. Nimetembea taratibu ili wanione mgongo.

Zile nne za dukani usizirudishe, jirani amesema naye anataka kuwa na kitu makumbusho.

Bibi yako

*

Jumamosi, 4 Mei

Bibi yangu, shikamoo.

Pole kwa magoti kukunyima safari. Nitakuandikia leo leo kabla sijalala, ujione kama ulikuwepo.

Maonyesho yamefunguliwa. Katikati ya ukumbi kuna kabati moja la kioo lenye sarafu tano za njiwa, nne zinawaka na moja haiwaki. Nilipanga mimi. Mbele yake kuna lenzi ya kuvuta, na maandishi niliyoyaandika mimi na Mama Lenzi hakubadilisha neno: "Moja kati ya hizi ni sarafu ya heshima. Usitafute inayong'aa." Chini yake nimeandika jina la Babu, lote, mpaka la baba yake na la baba wa baba yake, kwamba ndiye aliyezipiga na ndiye aliyeitunza hii, na ametuazima.

Mama Lenzi ameniambia kuanzia mwezi ujao ufunguo wa chumba cha sarafu nitakaa nao mimi. Alisema hivyo huku anatafuna, kana kwamba ni jambo dogo. Nilikwenda chooni kucheka peke yangu.

Watu walipanga mstari. Karibu wote walionyesha kidole zile nne. Wakiinama kwenye lenzi, wakiikuta A, wanatoa sauti moja, "Aah!" Babu alikuwa amesimama pembeni na koti lake, kila "aah" anaitikia kwa kichwa kama anayepokea salamu.

Kisha mwanamke mmoja wa makamo, amevaa vizuri, pengine ana sarafu zake nyumbani, akamsogelea. Akamuuliza kwa adabu, lakini kwa sauti ambayo ukumbi uliisikia, "Mzee, kitu cha heshima kama hiki, miaka yote hii mfukoni, mpaka njiwa akapoteza jicho. Kwa nini hukuifungia kabatini?"

Nilitaka kukimbilia kumjibu mimi. Nilikuwa na maneno yote tayari. Babu akanizuia kwa mkono.

"Mama," akasema, "wewe ukipewa heshima, unaifungia kabatini?"

Mjukuu wako